Mionzi ikipita udongoni, umeme hubadilika? Majibu kwa wasomaji

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mombasa na viungani mwake, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mionzi, chumvi na umeme ardhini. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa na mwenziwe.

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Nafunza fizikia huku Kisauni. Wanafunzi wa kidato cha nne wamenibana. Tumesoma kwamba mionzi kama gama hung'oa elektroni kwenye atomu na kuacha ioni, yaani atomu yenye chaji. Tumesoma pia kwamba umeme hupita udongoni kwa kubebwa na ioni. Sasa wanauliza, udongo wenye mionzi si lazima upitishe umeme zaidi? Na je, kuna jaribio la darasani la kuonyesha jibu? — *Mwalimu, Kisauni*

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Wanafunzi wako wamefikiri sawasawa. Mionzi kweli huzaa ioni, na umeme wa udongoni kweli hubebwa na ioni. Kilichobaki ni kuhesabu: ioni ngapi, na zinaishi muda gani?

Chembe ya mchanga yenyewe haipitishi umeme wa kutajika. Umeme hupita kwenye maji yaliyoko baina ya chembe, kwa ioni za chumvi zilizoyeyuka humo: sodiamu, kloraidi, kalsiamu, nitrati na nyinginezo. Udongo wa mfinyanzi huongeza njia ya pili, kwa kuwa nyuso za chembe zake zina chaji hasi na hushikilia ioni chanya zinazoweza kusogea. Ndiyo maana mchanga mkavu wa juu ya fuo una ukinzani wa maelfu ya omu-mita, na mchanga huohuo ukilowa maji ya bahari hushuka hadi karibu omu-mita moja.

Sasa tuhesabu ioni za mionzi. Wastani wa dunia wa gama inayotoka ardhini ni kama nanogrei 60 kwa saa (grei hupima nishati ya mionzi inayoingia katika kila kilo ya kitu). Tuwape wanafunzi nafasi nzuri zaidi, tuchukue mikrogrei 1 kwa saa, zaidi ya mara 15 ya wastani huo. Katika maji, kila elektronivolti 100 za nishati ya mionzi huacha karibu jozi 2.7 za ioni zilizofanikiwa kutengana. Fanya hesabu, utapata jozi kama milioni 47 kwa kila lita ya maji, kila sekunde. Zinaonekana nyingi mpaka uziweke kando ya chumvi. Gramu 1 ya chumvi ya jikoni ndani ya lita 1 huleta ioni za sodiamu 10,000,000,000,000,000,000,000, yaani 1 na sifuri 22, na za kloraidi idadi iyo hiyo. Kwa milioni 47 kila sekunde, mionzi ingehitaji zaidi ya miaka milioni 6 kufikia idadi hiyo, na hapo tumechukulia kwamba hakuna hata ioni moja inayopotea njiani.

Nazo hupotea haraka mno. Elektroni iliyong'olewa hunaswa na oksijeni au nitrati iliyomo majini katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha chaji hasi na chaji chanya hukutana zikafutana. Chumvi haifutiki. Iko pale leo na kesho, mpaka mvua iioshe.

Mwanafunzi mkali atauliza: na mionzi ikiwa mikali sana, kama ndani ya mashine ya kobalti ya kuua vijidudu? Swali zuri. Kwa kilogrei 10 kila saa, jozi zinazozaliwa kwa sekunde ni kama 470,000,000,000,000,000 kwa lita. Tuzipe uhai wa sekunde nzima, ambao ni ukarimu mkubwa. Bado ni ioni moja kwa kila ioni 20,000 za ile gramu moja ya chumvi. Kipimo cha shambani hakiioni tofauti hiyo, kwa sababu joto la udongo likibadilika nyuzi moja tu ya Selsiasi, upitishaji umeme hubadilika kwa karibu asilimia 2.

Mahali mionzi inapobadilisha umeme kweli ni pale pasipo na ioni za kushindana nazo. Hewa ni mfano bora: karibu na ardhi, mionzi ya asili na gesi ya radoni inayotoka udongoni huzaa kama jozi 10 za ioni katika kila sentimita mchemraba kila sekunde, na karibu upitishaji wote wa hewa ya chini unatokana na hizo. Uchunguzi wa umeme huo mdogo wa hewa ndio uliomfikisha Victor Hess kwenye puto mwaka wa 1912 na kugundua mionzi itokayo angani. Plastiki za kuhami waya ni mfano wa pili. Kwenye mitambo ya nyuklia na vyombo vya angani, upitishaji wa plastiki hupanda kadiri ukali wa mionzi unavyopanda, na wahandisi hulipangia jambo hilo mapema. Mchanga wa kwatzi uliokaushwa kabisa kwenye tanuri uko upande huu wa plastiki. Udongo ulio hai, wenye unyevu, hauko huku.

Jaribio sasa, na hili tunalipenda sana kwa sababu maumbile yametupa chumvi mbili zinazofanana, moja yenye mionzi na moja isiyo nayo. Potasiamu yote duniani ina kiasi kidogo cha potasiamu-40. Kila gramu ya potasiamu huvunja viini karibu 31 kwa sekunde. Kloraidi ya potasiamu ni potasiamu kwa asilimia 52, kwa hiyo gramu moja yake ina bekereli 16 hivi, yaani viini 16 huvunjika kila sekunde. Chumvi ya jikoni haina mionzi ya kupimika.

Tafuteni kloraidi ya potasiamu safi ya maabara. Mkikosa, mbolea ya potashi ya dukani yafaa, lakini ile ya rangi nyekundu ina vumbi la chuma: iyeyusheni, mchuje, mkaushe upya. Maji yawe ya betri yaliyotoneshwa, yale ya chupa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Angalieni lebo vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa kwenye rafu ileile na chupa zinashabihiana. Pimeni upitishaji umeme wa maji yenyewe kwanza. Yakizidi mikrosimensi 10 kwa sentimita, tafuteni mengine.

Pimeni gramu 1.00 ya kila chumvi kwa mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, iyeyusheni kila moja katika lita 1, na muache vyombo vyote vikae chumba kimoja hadi vilingane joto. Kipimo cha upitishaji kioshwe kwa maji ya betri baina ya chombo na chombo. Kwa nyuzi 25, chumvi ya jikoni itasoma karibu millisimensi 2.0 kwa sentimita, na kloraidi ya potasiamu karibu 1.9. Ile isiyo na mionzi ndiyo iliyo mbele kidogo, maana atomu ya sodiamu ni nyepesi na gramu moja hubeba ioni nyingi zaidi.

Kisha wekeni pakiti ya gramu 500 ya kila chumvi chini ya kihesabu-mionzi chenye dirisha jembamba. Hesabuni dakika 10 kila moja, na dakika 10 nyingine pasipo na kitu. Msihesabu dakika moja mkaridhika: mkipata mapigo 300, kosa la kubahatisha ni kipeuo cha pili cha 300, yaani 17 huku na huku. Potashi itajitenga waziwazi.

Kosa la kawaida katika jaribio hili ni kutumia misumari miwili na kipima-omu cha fundi. Hicho hupeleka mkondo wa upande mmoja, ioni hujazana kwenye misumari, na namba itapanda mbele ya macho yenu kana kwamba chumvi inapungua. Kipimo cha upitishaji hutumia mkondo unaogeuka-geuka kwa sababu hiyohiyo.

Na mkifungua chupa ya kusahihishia kipimo, ile iliyoandikwa 1413, waambie wanafunzi kilichomo: kloraidi ya potasiamu, gramu 0.7455 kwa lita. Kila lita ya maji hayo huvunja viini kama 12 kwa sekunde, na dunia nzima huyaamini kwa kusahihisha vipimo vya umeme.

SWALI: Mabibi na mabwana, mimi ni fundi wa stima hapa Likoni. Nimepewa kazi ya kuweka athi (fimbo na waya wa kupeleka stima ya hitilafu ardhini) kwenye nyumba upande wa Kwale, karibu na kilima cha Mrima. Mwenye nyumba anasema ardhi ya huko ina thoriamu, kwa hivyo yajipitishia stima yenyewe na fimbo moja fupi yatosha. Nimwamini? — *Fundi, Likoni*

JIBU: La, ndugu yetu fundi, usimwamini, ingawa nusu ya maneno yake ni kweli. Mrima kuna thoriamu pamoja na madini mengine adimu, na mionzi ya ardhini pale iko juu kuliko kwingine pwani. Lakini thoriamu hiyo imefungwa ndani ya madini magumu yasiyoyeyuka majini. Isipoyeyuka haileti ioni, na mionzi yake, kwa hesabu tuliyompa mwalimu hapo juu, haiongezi ioni za kutajika. Fimbo yako itapata kile ambacho maji, mfinyanzi na chumvi za pale zitaipa.

Basi pima. Chomeka vijiti vinne kwa mstari mnyoofu, umbali sawa baina yao, tuseme mita 2, kila kimoja kiingie ardhini kisizidi sentimita 10. Mkondo upite vijiti vya nje, volteji isomwe kwenye vya ndani. Zidisha usomaji wa omu kwa umbali kisha kwa 6.28. Ukisoma omu 8, ardhi ina omu-mita 100. Rudia kwa mita 4 na mita 6 ili ujue hali ya chini zaidi, kwani pwani mara nyingi mchanga hufunika mwamba wa matumbawe na namba hubadilika ghafla.

Kwenye ardhi ya omu-mita 100, fimbo ya mita 1.5 yenye unene wa milimita 16 itakupa karibu omu 60. Ukiunganisha mbili ziwe mita 3 kwenda chini, utashuka hadi 33 au 34. Kwenye matumbawe makavu ya omu-mita 1,000, zidisha zote kwa kumi. Hapo ndipo fimbo moja fupi inapomsaliti mwenye nyumba. Zidisha fimbo, ziachane angalau mara mbili ya urefu wake, uziunge kwa waya wa shaba, na pale penye mwamba chimba shimo pana ulijaze udongo wa bentonaiti uliokorogwa na maji.

Chumvi ya kilo kumi ndani ya shimo, ile dawa ya zamani, iache. Hushusha omu siku ya ukaguzi, kisha masika ikipita imekwenda na maji, na iliyobaki inakula shaba na viungo.

Kuthibitisha athi iliyokwisha kuwekwa: zima swichi kuu kwanza, ndipo ufungue waya wa athi. Usiufungue nyumba ikiwa na stima, kwani hitilafu ikitokea dakika hiyo mikono yako ndiyo itakayokuwa athi. Kijiti cha mbali kiwe mita 30 kutoka kwenye fimbo, cha kati mita 18.6. Soma, kisha sogeza cha kati mita 3 mbele na mita 3 nyuma. Masomo matatu yakitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, peleka cha mbali mbele zaidi, au badilisha upande, kwa maana huenda kuna bomba la chuma limelala sambamba nawe. Vijiti vya kupimia ukivimwagia maji si kosa. Fimbo yenyewe usiimwagie, utajidanganya. Na ukiweza, pima tena kaskazi ikikaza, Januari au Februari, ardhi ikiwa kavu. Athi iliyopimwa katikati ya masika haijaonyesha ubaya wake.

SWALI: Salamu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Tudor. Nilichukua tope la mikoko, likapelekwa kupigwa gama kilogrei 25 kuua vijidudu. Liliporudi, upitishaji umeme wa mchanganyiko wa 1 kwa 5 (udongo sehemu moja, maji sehemu tano) ulikuwa umepanda, na asidi pia imeongezeka. Naweza kuandika kwamba mionzi imeongeza upitishaji? — *Msomaji, Tudor*

JIBU: Usiandike bado, dada. Una washukiwa watatu wa kuchunguza kabla ya kuilaumu mionzi yenyewe.

Wa kwanza ni vijidudu wenyewe. Kilogrei 10 huua kuvu wengi na wadudu wadogo, kilogrei 20 huua bakteria wengi, na wako wachache wanaohitaji hadi 70. Wakifa, seli hupasuka na kumwaga vilivyomo: amonia, potasiamu, fosfati, kaboni iliyoyeyuka. Hili ni badiliko la kikemia, linabaki baada ya mashine kuzimwa, na katika udongo wa kawaida wa shamba huonekana kwenye kipimo. Lakini tulikadirie. Tuseme zimetoka milligramu 50 za naitrojeni ya amonia kwa kilo ya udongo, kiasi kikubwa. Kwenye mchanganyiko wa 1 kwa 5 hiyo ni milligramu 10 kwa lita, nayo pamoja na ioni mwenzake huongeza kama millisimensi 0.08 kwa sentimita. Tope la mikoko lina chumvi ya bahari, kwa hiyo 0.08 humezwa humo. Kama ongezeko lako ni kubwa kuliko hapo, tazama kwingine. Tena amonia haileti asidi ya namna unayoieleza.

Mshukiwa wa pili ndiye tunayemnyoshea kidole: hewa. Tope la mikoko ni jeusi na lanuka yai viza kwa sababu lina salfidi, hasa madini ya chuma na salfa yaliyokaa pasipo oksijeni. Ukilitoa, ukalibeba siku kadhaa kwenye mfuko wenye hewa au ukalianika, salfidi hizo hugeuka asidi ya salfuriki na salfati. Asidi hupanda, upitishaji hupanda pamoja nayo, na hayo yangetokea hata kama sampuli zingekaa kabatini bila kuiona kobalti. Tope hubadilika sura pia: weusi huondoka, madoa ya rangi ya kutu hujitokeza ukingoni palipogusana na hewa. Fungua mfuko mmoja uukate kati utazame.

Wa tatu ni chombo. Mfuko wa PVC ukipigwa gama hutoa asidi ya haidrokloriki, na hiyo ni ioni tupu. Tumia polithini nene. Chupa ya kioo haiharibu sampuli kwa namna hiyo, ila itarudi na rangi ya kahawia, kwa kuwa elektroni zilizong'olewa zimenaswa ndani ya kioo. Kioo hicho kilichobeba chaji zote hizo bado hakipitishi umeme. Kupachika kwenye mtego si kusafiri.

Rudia hivi. Koroga tope moja, ligawe mafungu matatu. La kwanza lisafiri na lipigwe gama. La pili lisafiri sanduku lilelile, lirudi bila kupigwa. La tatu libaki kwenye jokofu. Jaza mifuko pomoni, kamua hewa yote, weka mfuko ndani ya mfuko, na barafu njiani. Kilogrei 25 ni kilojuli 25 kwa kila kilo, nishati ya kupasha maji nyuzi 6, na udongo mkavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo zikirudi, subiri zote zilingane joto. Pima siku ileile: gramu 20 za udongo kwa mililita 100 za maji yaliyotoneshwa. Kwa kuwa tope lako halijakaushwa, kadiria maji yake kwanza kwa kukausha kipande kwenye nyuzi 105, uyatoe kwenye hesabu. Tikisa saa moja, tuliza nusu saa, soma. Kwenye maji hayohayo pima asidi, salfati na amonia.

Fungu la pili likipanda sawa na la kwanza, ni hewa. La kwanza likizidi, na amonia yake ikazidi, ni seli zilizokufa. Hapo ndipo utaandika, na utaandika kwamba kilichoongezeka ni ioni zilizomwagwa na viumbe waliouawa na mionzi. Hiyo ni sentensi tofauti na ile uliyotaka kuandika, na mtahini wako atakuuliza juu ya tofauti hiyo.

SWALI: Niko maabara ya udongo ya mkandarasi wa barabara, upande wa Miritini. Mashine yetu ya mionzi ya kupimia mshindilio inaonyesha unyevu mdogo kuliko tanuri, hasa kwenye kifusi kilichotoka karibu na bahari. Wenzangu wanasema mionzi inakausha udongo au inaugeuza. — *Msomaji, Miritini*

JIBU: Mionzi ya mashine hiyo haikaushi wala haigeuzi kitu. Gama ya sizi-137 haina nishati ya kuufanya udongo uwe na mionzi, na chanzo cha amerisi na berili cha kawaida hutoa nyutroni kama 90,000 kwa sekunde, kiasi kisichoacha alama. Chumvi ndiyo inayokudanganyeni.

Mashine hupima unyevu kwa kutuma nyutroni za kasi. Zikigonga haidrojeni ya maji hupungua mwendo, na kihesabu huhesabu zile za polepole zinazorudi. Klorini humeza nyutroni za polepole kwa uwezo kama mara mia ya haidrojeni. Kwenye kifusi chenye chumvi ya bahari, nyutroni zilizopunguzwa na maji humezwa kabla ya kufika kwenye kihesabu, na mashine hudhani maji ni machache.

Hatari haiko kwenye unyevu tu, na hapa tunawaomba mkae makini. Mashine hutoa unyevu kwenye uzito wa jumla ili ipate uzito mkavu. Tuseme uzito wa jumla ni kilo 2,050 kwa mita mchemraba na maji halisi ni kilo 190: uzito mkavu ni 1,860. Mashine ikisoma maji kilo 150, itaandika 1,900. Kama kiwango mlichopewa ni asilimia 95 ya 1,980, yaani 1,881, tabaka lililofeli limepita. Lori zito zikianza kupita, barabara itaonyesha.

Kila aina ya kifusi, chukueni sampuli kwenye nukta zilezile mlizopima kwa mashine, angalau sita, mzikaushe nyuzi 110 hadi uzito usibadilike tena. Wastani wa tofauti muuingize kwenye mashine kama sahihisho, na kifusi kikibadilika chimbo mrudie. Kabla ya hapo pimeni upitishaji wa 1 kwa 5: kifusi kinachosoma juu kuliko vingine ndicho cha kushuku. Kifusi chenye jasi kitawadanganya upande wa pili, kitasoma maji mengi, kwa kuwa jasi hubeba haidrojeni ndani ya fuwele zake.

SWALI: Nina shamba dogo Mtwapa, nanyeshea maji ya kisima. Alikuja kijana na mashine, akaichomeka kwenye udongo uliolowa, ikasoma 3.2 mS. Akasema hiyo ni mionzi, imezidi kipimo cha mwaka, ninunue unga wake wa kuiondoa. Naogopa kula mboga zangu. — *Bibi mkulima, Mtwapa*

JIBU: Pole bibi, kula mboga zako. Herufi zimefanana, mambo ni mbali. mS ni millisimensi, kipimo cha umeme kupita. mSv ni millisivati, kipimo cha mionzi mwilini. Wastani wa mtu duniani kutokana na mionzi ya asili ni millisivati 2.4 kwa mwaka, na huenda ndipo alipolitoa lile neno la kipimo cha mwaka. Kipima-mionzi hakihitaji kuchomekwa kwenye tope, hushikwa mkononi hewani na husoma kwa saa. Chenye meno mawili au kikombe cha kutumbukiza ni cha chumvi.

Na chumvi unayo, bibi, hiyo tusikufiche. Visima vingi vya pwani hii vimeanza kutoa maji ya munyu. Kwa kipimo kamili cha maabara, maharage huanza kuumia udongo ukipita millisimensi 1.0 kwa sentimita, mahindi 1.7, nyanya 2.5. Nazi huvumilia zaidi. Usinyeshee kidogokidogo kila siku, kwani maji huruka na chumvi hubaki juu. Nyeshea kwa wingi mara chache ili isukumwe chini ya mizizi, ongeza samadi iliyooza na matandazo, na maji ya mvua ya masika yazuie shambani yasitiririke. Unga usinunue.

SWALI: Nasimamia jengo la zamani mjini. Juu ya paa kuna fimbo ya kuzuia radi yenye kichwa kama kisahani, mzee mmoja ameniambia ni ya mionzi. Nataka kuishusha niiuze chuma chakavu. — *Msimamizi, Mombasa mjini*

JIBU: Usiipande. Fimbo za namna hiyo zilitengenezwa kweli, zikiwa na elementi za mionzi, radiamu-226 au amerisi-241, kichwani, kwa fikra kwamba hewa iliyojaa ioni ingevuta radi kutoka mbali. Haikuthibitika kwamba zinashinda fimbo ya kawaida, na Ufaransa ilisimamisha utengenezaji wake 1987. Radiamu-226 hupungua nusu kila miaka 1,600, kwa hiyo umri wa jengo haujaipunguzia kitu. Vipande vyake vya foili huchakaa kwa hewa ya chumvi na kudondoka, na vumbi hilo likiingia mapafuni ndilo baya.

Funga mlango wa paa, zuia mafundi wa rangi na wa antena, usifagie chini yake wala usitumie maji ya mvua yanayotoka paa hilo. Piga picha kutoka mbali, upeleke taarifa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Wao ndio wenye idhini ya kusema nani aishushe na ipelekwe wapi. Kwenye karakana ya chuma chakavu isifike, kwani ikiyeyushwa tanurini itachanganyika na nondo za watu. Ikishaondolewa, weka fimbo ya shaba ya kawaida, waya wake ushuke kwa njia fupi iliyonyooka bila kona kali, na athi yake isizidi omu 10, ikipimwa kwa njia tuliyompa fundi wa Likoni.